Mnofu Usio na Kichwa Wala Ngozi: Niliyojifunza Nikipima Vinasaba vya Samaki

Samaki akiwa mzima, kumbadilisha jina ni kazi ngumu. Mvuvi mzoefu atamtambua kwa mapezi, kwa magamba, kwa mstari wa ubavuni, kwa meno. Akishachunwa ngozi, akakatwa kichwa na kutolewa miiba, ushahidi wote huo umekwenda na mabaki. Kinachobaki ni mnofu mweupe au wa waridi, na jina lake ni lile lililoandikwa kwenye boksi. Kazi yangu ya maabara huanzia hapo. Tunaletewa kipande cha mnofu pamoja na jina, na tunaulizwa kama viwili hivyo vinaoana.

Wengi wanaosikia kazi hii hufikiri ni suala la fedha tu, kwamba mtu amelipia samaki ghali akapewa wa bei ya chini. Fedha zipo, na hakuna anayependa kupigwa changa la macho. Lakini kilichonifanya niishikilie kazi hii ni afya. Mwaka 2007 mjini Chicago, watu wawili waliugua baada ya kula supu ya samaki aliyenunuliwa kwa jina la spishi nyingine kabisa. Uchunguzi wa vinasaba ulionesha kuwa alikuwa wa jamii ya bunju, na sumu ya tetrodotoksini ilipatikana kwenye mabaki ya chakula na kwenye samaki wa shehena ileile. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Yuko pia Lepidocybium flavobrunneum, samaki mwenye mnofu mweupe unaovutia ambaye mara nyingi huuzwa kama jodari mweupe. Mafuta yake ni ya aina ya nta, tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga, na aliyekula kipande kikubwa anaweza kuharisha vibaya. Daktari anayempokea mgonjwa huyo huuliza amekula nini. Mgonjwa atajibu kwa jina alilouziwa, na matibabu yataanza kwa taarifa ya uongo.

Basi tunapima. Hatua zenyewe nitazipitia haraka, kwa kuwa ni kazi ya mikono inayofundishika. Kipande ninachohitaji ni kidogo kama punje ya mchele, nacho hukatwa kutoka ndani ya mnofu, kamwe si juu. Juu kumeguswa na kisu kilichokata samaki wengine, na maji ya barafu yametiririka kutoka boksi hadi boksi. Kila sampuli ina wembe wake. Tishu huwekwa kwenye kimiminika chenye kimeng'enya kinachovunja protini, katika joto la nyuzi 56, hadi iyeyuke. Vinasaba husafishwa, kisha mashine ya PCR hunakili sehemu moja tu ya jeni mara nyingi mno. Nakala hizo husomwa herufi kwa herufi, yaani kiungo kimoja kimoja cha vinasaba, kwa njia iliyobuniwa na Frederick Sanger mwaka 1977.

Katika kila kundi la sampuli huenda mrija mmoja usio na samaki ndani yake. Unapitia kila hatua wanayopitia wenzake, na mwishoni unatakiwa uwe mtupu. Ukionesha chochote, kundi zima linarudiwa, hata kama matokeo mengine yamependeza. Nimewaona wageni wa maabara wakishangaa kwamba mrija ninaoutazama kwanza ni ule usio na kitu.

Sehemu tunayoisoma iko kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake vyenyewe, kwenye jeni iitwayo COI, urefu wa herufi takriban 650. Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipendekeza mwaka 2003 kwamba kipande hicho kitumike kama msimbopau wa wanyama. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Australia wakiongozwa na Robert Ward waliujaribu kwa samaki, spishi 207, wengi wao wa baharini. Walikuta kwamba samaki wa spishi moja hutofautiana kwa wastani wa asilimia 0.39 tu, ilhali spishi tofauti za jenasi moja, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, hutofautiana kwa asilimia 9.93. Nafasi kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayotuwezesha kufanya kazi. Isingekuwepo, tusingekuwa na la kusema.

Jambo lililochukua muda mrefu kuniingia ni hili: kipimo hakimjui samaki yeyote. Mashine inatoa herufi 650, basi. Herufi hizo hupata jina pale tu zinapolinganishwa na herufi za samaki mwingine ambaye mtu fulani, mahali fulani, alimshika mkononi akiwa mzima, akamtazama mapezi na meno, akampa jina, na kuweka kipande chake kwenye kumbukumbu. Mtu huyo akikosea, mimi nitakosea kwa usahihi mkubwa.

Niliuelewa uzito wa jambo hili kwa sampuli moja iliyoletwa kwetu ikiwa na lebo ya aina mojawapo ya chewa. Tulipopeleka herufi zake kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kompyuta ya kumbukumbu hizo, mstari wa kwanza wa majibu ulitaja spishi nyingine kabisa, na ulinganifu ulizidi asilimia 99. Kwa haraka ya kazi, mstari wa kwanza ndio jibu, na jibu hilo lilikuwa linamwita muuzaji mwongo. Mwenzangu aliyekuwa na uzoefu kuliko mimi alisema, "Shuka chini, usome yote." Tukashuka. Rekodi yenye jina lile geni ilikuwa moja peke yake. Chini yake zilipangana rekodi nyingi zenye mfuatano wa herufi karibu uleule, kutoka kwa watafiti tofauti wa nchi tofauti, na zote zilitaja chewa aliyeandikwa kwenye lebo. Baadhi zilikuwa na namba ya kielelezo kilichohifadhiwa makumbusho, picha ya samaki mzima, na jina la aliyemtambua. Ile ya kwanza haikuwa na picha wala kielelezo. Mtu alikuwa amepandisha mfuatano sahihi chini ya jina lisilo lake, nao ukabaki hapo ukisubiri maabara yenye haraka.

Lebo ilikuwa ya kweli. Tungeishia mstari wa kwanza, mfanyabiashara mwaminifu angebebeshwa tuhuma zenye muhuri wa sayansi, na sijui angejitetea kwa kitu gani.

Tangu hapo sikuridhika kuwa mtu wa kusoma kanzidata tu. Niliomba kushiriki katika kazi ya kuijaza, nikaketi na wataalamu wa uainishaji wa samaki, watu ambao wengi wetu wa maabara huwaona kama wa zama zilizopita. Walinifundisha utaratibu ambao sikuwahi kuufikiria. Samaki hulazwa kichwa kikiwa upande wa kushoto, mapezi hutandazwa, na hupigwa picha akiwa mbichi kabla rangi hazijafifia. Tishu hukatwa ubavu wa kulia, kwa sababu ubavu wa kushoto ndio unaotumika kumwelezea na kumchora, kwa hiyo haukatwi. Kipande hicho huingia kwenye ethanoli mara moja, kabla mwili haujatiwa kwenye fomalini, maana fomalini huhifadhi umbo vizuri lakini huharibu vinasaba. Ukikosea mpangilio huo, utabaki na samaki mwenye sura na asiye na vinasaba vya kutegemewa.

Nilimtazama mmoja wao akihesabu miiba ya pezi la mgongoni na magamba ya mstari wa ubavuni kwa muda mrefu, akarudi nyuma, akahesabu tena, kisha akaandika jina la jenasi pekee na kuacha nafasi ya spishi wazi. Nilimuuliza kwa nini asiandike anachokidhania. Akanijibu kwamba kuna mtu atakayeliamini. Mtu huyo ni mimi, na wenzangu wa maabara nyingine, na hakimu atakayesoma ripoti zetu. Kampeni ya kimataifa ya FISH-BOL, iliyoanzishwa mwaka 2005 kukusanya misimbopau ya samaki wa dunia, ilisisitiza vielelezo vya aina hii, na naona hilo lilikuwa muhimu kuliko teknolojia yenyewe. Fedha za mashine hupatikana siku hizi. Fedha za kumlipa mtu anayejua kutofautisha samaki wawili wanaofanana hazipatikani kirahisi, na jambo hilo linanihuzunisha.

Baada ya hapo nilianza kuona mipaka ambayo vitabu vya mafunzo huipitia kwa sentensi moja. Jodari ndio walionisumbua zaidi. Spishi za jenasi Thunnus zimetengana karibuni katika historia ya mageuzi, na tofauti zao kwenye COI ni chache sana. Asilimia ya ulinganifu peke yake haitoshi hapo; unaweza kupata 99 na ushei kwa spishi mbili kwa pamoja. Inabidi utazame herufi mahususi katika nafasi mahususi, au usome sehemu nyingine inayobadilika haraka, kama eneo la udhibiti la mitokondria. Hata hivyo kuna mtego. Baadhi ya Thunnus thynnus, jodari wa bei kubwa wa Atlantiki, wana mitokondria inayofanana na ya Thunnus alalunga, urithi wa mchanganyiko uliotokea zamani. Ukisoma mitokondria pekee, samaki halali ataonekana bandia. Ndiyo maana kwa jodari tunaongeza kipimo cha vinasaba vya kiini cha seli, vilivyo nje ya mitokondria, kwa kawaida sehemu ya ITS1.

Chanzo cha mtego huo ni kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama. Siku hizi ufugaji wa samaki umelifanya jambo hili kuwa la kila siku. Kuna chewa chotara anayefugwa kwa wingi Asia, mama yake Epinephelus fuscoguttatus na baba yake Epinephelus lanceolatus. Msimbopau wa COI utakuambia ni fuscoguttatus, na utakuwa umesema kweli kuhusu mama. Kuhusu baba haujasema neno. Mteja anayesoma ripoti hawezi kulijua hilo kama hatukuliandika, kwa hiyo tunaliandika.

Samaki wa kopo ni habari nyingine. Joto la kusindikia, nyuzi 121 hivi, pamoja na mgandamizo na wakati mwingine asidi ya mchuzi, hukatakata vinasaba vipande vifupi. Ukitafuta herufi 650 mfululizo hutazipata, mashine itanyamaza. Mwanzoni niliwaona watu wakiutafsiri ukimya huo kuwa dalili ya ulaghai. Si dalili ya chochote, isipokuwa kwamba umetafuta kipande kirefu mahali palipobaki vipande vifupi. Kwa bidhaa hizi tunatumia misimbopau midogo, ya herufi mia moja na kidogo hadi mia tatu hivi, na mara nyingi jibu hupatikana. Gharama yake ni kwamba herufi chache hutofautisha spishi chache, na kwa jodari wa kopo kuna nyakati tunaishia kwenye jenasi tu.

Bidhaa iliyosagwa ikachanganywa, mathalani vijiti vya samaki, usomaji wa kawaida haufai. Spishi mbili zikisomwa kwa pamoja, herufi zao hupandiana na mchoro unakuwa vurugu. Hapo zinahitajika mashine zinazosoma maelfu ya vipande kila kimoja peke yake. Zitakutajia waliomo. Kiasi cha kila mmoja ni suala jingine, kwa sababu idadi ya nakala zilizosomwa haiendi sawa na uzito wa nyama. Nimekataa zaidi ya mara moja kuandika "asilimia kadhaa ya bidhaa ni samaki fulani", na nitaendelea kukataa.

Watu huniuliza swali moja kuliko yote: ulaghai huu ni mkubwa kiasi gani? Hapa nina msimamo, na najua hauwafurahishi wanaotaka tarakimu moja ya kutisha. Shirika la Oceana lilikusanya sampuli 1,215 nchini Marekani kati ya 2010 na 2012, na theluthi moja zilikuwa na jina lisilo lao. Kati ya sampuli 120 zilizouzwa kama Lutjanus campechanus, samaki mwekundu maarufu wa Ghuba ya Mexico, saba tu ndizo zilikuwa za kweli. Lakini mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyohiyo, FDA, ilipopima katika ngazi ya jumla kuanzia 2012, ilikuta asilimia 85 ya shehena zina majina sahihi. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2015 ulipima sampuli 3,906 za samaki weupe, na takriban asilimia 6 pekee hazikuoana na jina lililotangazwa.

Tofauti hizo hazimaanishi kwamba kuna aliyedanganya. Oceana walilenga samaki wanaojulikana kubadilishwa mara kwa mara, na walinunua kwenye maduka na migahawa, mwisho wa safari. FDA walipima kabla bidhaa haijafika huko. Ukichukua sampuli mahali pa karibu na bahari na nyingine karibu na sahani, umeuliza maswali mawili. Mimi hutilia maanani zaidi taarifa inayosema sampuli zilitoka wapi kuliko ile yenye asilimia kubwa.

Sheria nazo zina uzito wake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1379 ya mwaka 2013 inataka lebo itaje jina la kibiashara pamoja na jina la kisayansi, eneo alikovuliwa, na kama ni wa kuvuliwa au wa kufugwa. Jina la kisayansi likiwepo, kazi yangu ni nyepesi: linaoana au halioani. Panapotumika jina la kibiashara pekee, jina moja linaweza kufunika makumi ya spishi, na mnofu usiofanana na ule alioutarajia mnunuzi unaweza kuwa halali kabisa. Eneo la uvuvi na ufugaji, kwa kawaida COI haivisemi. Kuna wateja ambao wamekasirika waliposikia hivyo.

Shauri lililonifundisha zaidi lilihusu mnunuzi mmoja wa jumla. Alituletea minofu kutoka kwenye ghala lake la baridi, imeandikwa chewa, akiwa na hakika kwamba msambazaji wake anamlaghai. Tulipima. Alikuwa Pangasianodon hypophthalmus, samaki wa kufugwa wa maji baridi, asiye na undugu wa karibu na chewa. Majibu yalikuwa safi, kila sampuli ilisomwa pande zote mbili, vielelezo vya kulinganishia vilikuwa imara. Mnunuzi alitaka tuandike kwamba msambazaji amefanya udanganyifu. Msambazaji, kwa upande wake, alikuwa na nyaraka zinazoonesha chewa tangu chomboni.

Tulimweleza mnunuzi kwa upole kwamba tunaweza kumwandikia ni samaki gani aliyekuwa ndani ya mifuko aliyotuletea, na hatuwezi kuandika aliingia humo lini wala kwa mkono wa nani. Alikereka. Alisema amelipia ukweli, nasi tunampa nusu. Nilimwelewa, kwa kuwa hasara ilikuwa yake. Tukamshauri sampuli zichukuliwe upya katika kila kituo: kwenye maboksi yaliyofika yakiwa na lakiri yake, kwenye meza ya kukatia, na kwenye mifuko baada ya kufungashwa upya. Kila kipande kigawanywe mara mbili mbele ya pande zote, nusu ije kwetu, nusu ibaki kwenye friza ikiwa imefungwa na kutiwa saini.

Maboksi yenye lakiri yalikuwa na chewa, spishi ileile iliyotajwa kwenye nyaraka. Meza ya kukatia, chewa. Mifuko iliyorudi kutoka kwa mfungashaji aliyekodiwa ndiyo iliyokuwa na yule mwingine. Barua ya madai kwa msambazaji ilikuwa imeshaandikwa, ikasitishwa. Mnunuzi aliibadilisha mikataba yake ili kipande cha kila shehena kikatwe na kuhifadhiwa wakati wa kupokea, na kingine baada ya kufungasha. Nasi tuliibadilisha fomu yetu ya kupokelea sampuli. Kabla ya jina la samaki, sasa inauliza kipande kimekatwa katika hatua gani ya safari, nani alikuwepo, boksi lilikuwa na lakiri au lilikuwa wazi, na nusu nyingine iko wapi.